Nilivyojiuzulu Bila Kujua

Kampuni yetu ina mahema mawili, viti 300 vya plastiki, spika moja inayokoroma, na wakurugenzi wawili: mimi na mama mkwe. Tunakodisha vyombo hivyo kwa harusi, harambee na matanga hapa Kisumu. Na kwa kuwa watu wa pande hizi hawazikani kimyakimya, viti havikai bure.

Najua mnauliza mama mkwe aliingiaje. Tulipojisajili mwaka 2019, Sheria ya Kampuni ya 2015 ilikuwa tayari inamruhusu mtu mmoja kumiliki kampuni peke yake. Sheria ilikuwa upande wangu. Mfuko ndio uliokuwa upande mwingine. Ada ya usajili peke yake ilikuwa shilingi 10,650, na viti havikuwa vya bure. Mama mkwe akauza fahali watatu. Akamwambia binti yake kwamba yeye hakopeshi watu, anataka hisa. Kati ya hisa 100 akachukua 60. Mimi nikabaki na 40 na cheo cha mkurugenzi mkuu, ambacho nilikichapisha kwenye kadi zenye maandishi ya dhahabu.

Jambo la pili mnalopaswa kujua ni kwamba wakwe zangu ni Wabukusu wa Chwele, kule Bungoma, wanaoshika mila kwa mikono miwili. Mkwe na mama mkwe hawapeani mikono. Hawali chumba kimoja. Wakikutana njiani, mmoja hujitosa kwenye mahindi ya watu. Kwa hiyo kwa miaka yote ya kampuni hii, wakurugenzi wake wawili hawajawahi kutazamana usoni. Mikutano yetu ya bodi huendeshwa na mke wangu kwa simu, naye si mwanahisa.

Basi, Machi tulihama mtaa wa Nyalenda tukaenda Mamboleo, humuhumu Kisumu. Nikakumbuka kwamba ofisi iliyosajiliwa ya kampuni ni sebule yangu ya Nyalenda, na hiyo si anwani ya mapambo. Barua rasmi ikipelekwa pale, hata iwe ya mahakama, kisheria imekufikia, hata kama aliyeipokea ni mpangaji mpya na ameifungia mandazi. Ikabidi nibadilishe rekodi.

Kijana wa saiba, duka la kompyuta na intaneti, pale Kondele aliniambia shilingi 500, dakika kumi. Nilimtazama kama mtu aliyenitukania ukoo. Mimi, mkurugenzi mkuu, nilipe 500 kwa kubonyezewa vitufe? Zamani watu walipanda basi la usiku hadi Nairobi, Sheria House, kwa msajili wa kampuni, kubadilisha herufi moja. Sisi tumeletewa kila kitu kwenye simu halafu tulipe mtu? Nikarudi nyumbani, nikafungua kompyuta ya mtoto, nikaingia kwenye tovuti ya usajili wa kampuni.

Fomu ni ya Kiingereza, na Kiingereza changu ni cha kuuza viti. Niliona jina la kampuni, nikabonyeza. Nikaona jina langu, nikabonyeza pia, maana anayehama ni nani kama si mimi? Ikatokea sehemu ya kujaza tarehe ya "kukoma". Nikaona wamefikiria kila kitu: nilikoma kuishi Nyalenda tarehe 1 Machi. Nikajaza. Kisha wakataka sababu. Sababu zenyewe zilinishtua kidogo. Kulikuwa na kufa. Kulikuwa na kuondolewa. Kulikuwa na kujiuzulu. Kuhama nyumba hakukuwapo. Nikasema serikali ina maneno yake makubwa, nikachagua ile iliyoniacha hai na yenye heshima.

Wakataka barua. Hapo ndipo nilipojishinda. Niliandika: "Nathibitisha kwamba nimeondoka kuanzia tarehe 1 Machi, kwa hiari yangu, na sitarudi tena. Nashukuru kwa muda wote niliokaa." Hilo la shukrani nilimlenga mwenye nyumba, maana tuliachana vizuri.

Karatasi zilihitaji sahihi ya mkurugenzi mwenzangu. Nikazitia kwenye bahasha, nikampa makanga wa matatu ya Bungoma, boda akazipokea na kuzifikisha Chwele. Zilirudi baada ya siku tatu. Mama mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu. Alikuwa ametia sahihi, na kwenye nakala ya barua yangu alikuwa amesahihisha makosa mawili ya sarufi kwa kalamu nyekundu, na chini yake akaandika: "Nimeelewa. Kila la heri." Nilimwambia mke wangu, mama yako ni mtu wa adabu sana, ananitakia heri ya nyumba mpya.

Nikapakia, nikalipa kwa simu kwa ile paibili ya serikali, 222222, na baada ya siku chache ujumbe ukaja kwamba maombi yamekubaliwa. Jioni hiyo tulikula samaki, ngege mzima, mkubwa, na nikamweleza mke wangu jinsi wajinga wanavyoliwa na watu wa saiba.

Majuma mawili baadaye ikatokea zabuni ya mahema. Si ya hema moja la matanga. Ya mwaka mzima. Walitaka vyeti vya kawaida: cha usajili, cha kodi, na CR12, ile karatasi ya msajili inayoonyesha nani ni nani katika kampuni. Nikaiomba, nikalipia, nikaipakua palepale kwenye foleni ya fotokopi.

Wakurugenzi: mmoja. Mama mkwe.

Nilikuwamo, ndiyo, lakini nimeshuka chini kama mwanahisa tu, hisa 40. Nikaikunja karatasi, nikaikunjua tena, kana kwamba jina langu lilikuwa limejificha kwenye mkunjo. Yule kijana wa saiba, yuleyule wa 500, aliichukua, akaisoma, akafungua maombi yangu kwenye akaunti, akaniangalia kwa huruma ya daktari. "Mzee, wewe ulijiuzulu. Hisa haziondoki kwa sababu mtu ameacha ukurugenzi, hivyo bado unamiliki kitu. Ila kazi umeacha. Na hapa kuna barua yako, umeshukuru hata." Halafu akaongeza, bila kuulizwa, kwamba kwa hisa 40 dhidi ya 60 siwezi kujirudisha mwenyewe. Lazima mwenye 60 akubali.

Mke wangu nilipomwambia alikaa sakafuni. Alicheka mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna msiba, ili anipe oda ya viti.

Jumamosi nikapanda matatu. Kisumu, Kakamega, Webuye, Bungoma, hadi Chwele, kompyuta ya mtoto mapajani, nikijizoeza maneno. Unamwombaje kazi mtu usiyeruhusiwa kumtazama?

Walinipangia kiti barazani, mgongo kwa nyumba ya jikoni. Mama mkwe alikuwa ndani ya jiko, nyuma ya ukuta wa udongo. Baba mkwe alikaa kati, redio sikioni, kama mwenyekiti asiye na kura. Mjumbe alikuwa mjukuu wa gredi ya nne, aliyekuwa akikimbia kati yetu na muwa mkononi.

"Kukuu anauliza," mtoto akaanza, maana ndivyo anavyomwita nyanya yake, "kwa nini uliacha kazi?"

Nikasema sikuacha, nilihama nyumba.

Akaingia, akatoka. "Kukuu anasema alisoma barua. Alisoma mara mbili. Aliona kijana amechoka, na si heshima mtu kumuuliza mkwe wake amechoka na nini."

Kumbe muda wote huo alijua! Alisoma kila neno, akadhani namkimbia na fahali wake watatu, na mila ikamziba mdomo. Akasahihisha sarufi, akaniombea heri. Nami nikala ngege.

Basi kikao kikafunguliwa rasmi. Sijawahi kuhojiwa namna ile, hata siku ya posa.

"Kukuu anauliza viti ni vingapi."

"Mia tatu."

"Anasema anajua vilivyonunuliwa. Anauliza vilivyopo."

Nikakohoa. Vilivyovunjika ni 41. Mtoto akaingia. Kimya. Sufuria ikafunikwa kwa nguvu.

"Anauliza, na vile sitini vilivyoenda kwa chama cha mama yako bila risiti?"

Nikageuka kumtafuta mke wangu. Alikuwa ameanza ghafla kupendezwa sana na kuku. Baba mkwe akapunguza redio.

Lakini mwalimu hakuwa mkali tu, alikuwa anataka kuelewa. Aliuliza hiyo "Limited" iliyo mwishoni mwa jina letu maana yake nini, kwa sababu miaka yote amekuwa akilala na wasiwasi. Kama hema likiangukia watu harusini, wakadai, ng'ombe wake waliobaki watachukuliwa? Hapo nilifufuka. Nikaeleza, tena kwa sauti ya juu ili ukuta usikie bila mjumbe: kampuni ni mtu wake kivyake mbele ya sheria, deni lake ni lake, mwanahisa akishalipia hisa zake zote, kampuni ikifilisika anapoteza alichoweka, wala hawamfuati zizini. Kikapita kimya kirefu. Kisha sauti yenyewe, bila mtoto, ikatoka ukutani:

"Hilo ungeniambia mwaka 2019."

Baba mkwe akazima redio kabisa. Hakuwahi kusikia wakwe wakiongea moja kwa moja.

Akakubali kunirudisha, kwa masharti. Viti havitoki bila risiti, hata vikienda kwa mama yangu. Na mke wangu naye awe mkurugenzi, kwa sababu, alisema, mtu anayeendesha mikutano yote bila cheo anaonewa. Nilisema sawa kabla mtoto hajamaliza sentensi.

Kilichobaki kilikuwa kujaza. Maombi ilibidi yatoke kwenye akaunti yake, na akaunti yake ilituma nambari ya siri ya tarakimu sita kwenye simu yake, jikoni. Kompyuta ilikuwa barazani. Katikati kulikuwa na mtoto na muwa.

Nambari ya kwanza ilifika ikiwa na tarakimu tano. Moja aliimeza na muwa. Ya pili ilifika nzima, lakini alikuwa amepitia kwa ng'ombe kwanza, muda wake ukawa umekwisha. Ya tatu alinisomea kwa Kibukusu, nami tarakimu za Kibukusu huzijua kwa kuhesabu ng'ombe wa mahari tu, na kwa huzuni. Nikakosea. Ya nne, dirisha dogo la jikoni likafunguka, mkono ukatokea, mkono tu, umeshika simu, kioo kimegeuzwa upande wangu. Baba mkwe akatazama mlima. Nikasoma nambari nikiwa nimefumba jicho moja, kwa heshima.

Ikapokelewa.

Zabuni ilishafungwa Ijumaa ya wiki iliyofuata, wakati maombi yetu bado yako kwa msajili. Sikulia. CR12 mpya ilipotoka niliipakua kwa kijana wa saiba na nikamlipa 500 zake bila yeye kusema neno. Wakurugenzi watatu: mama mkwe, mke wangu, halafu mimi, wa mwisho kabisa, lakini nimo. Nilimtumia mama mkwe picha. Akajibu kwa alama moja tu ya tiki.

Ni kijana wa saiba aliyeweka kidole juu ya ukurasa. "Mzee, lakini si ulisema mlihama?"

Ofisi iliyosajiliwa: Nyalenda.

Nilimpigia mke wangu, akampigia mama yake. Jibu lilirudi haraka kuliko nambari yoyote ya siri: nisiguse kitu. Jana jioni nilipita Nyalenda kumwuliza yule mwenye nyumba kama kuna chumba.