Graniti na umri wa mikunjo ya milima: ushahidi wake unafika wapi?

Fundi wa nyumba za Mji Mkongwe akitaka kujua ufa ni wa lini, hutazama chokaa. Ufa ukiwa umeipasua lipu, basi lipu ilitangulia. Lipu ikiwa imepita juu ya ufa na bado nzima, ufa ulishatulia kabla ya lipu kupakwa. Akizijua tarehe za lipu mbili, ya chini iliyopasuka na ya juu iliyo salama, ameshaubana ufa katikati.

Wanajiolojia huisoma milima vivyo hivyo. Mwamba uliokunjwa hauna tarehe ya kukunjwa kwake, lakini graniti, hayo matale magumu tunayoyajua kwa meza za jikoni, ilianza ikiwa uji wa moto uliopenya ndani ya miamba iliyokuwepo. Mwaka 1785 mwanajiolojia James Hutton aliiona mishipa ya graniti kule Glen Tilt, Uskoti, ikiikata miamba mingine, akajua kwamba graniti ndiyo iliyokuja nyuma. Kipindi chake hakikuwa na njia ya kusema ni nyuma kwa miaka mingapi. Leo ipo: ndani ya graniti mna punje ndogo za madini yaitwayo zirkoni. Zirkoni inapoumbika huipokea urani na kuikataa risasi, hivyo risasi inayokutwa humo karibu yote imezaliwa na urani iliyovunjika. Urani hiyo ina aina mbili: nusu ya urani-238 huisha kwa miaka bilioni 4.47, nusu ya urani-235 kwa miaka milioni 704. Punje moja ina saa mbili, na kila moja inaikagua mwenzake.

Mzanzibari anaweza kuuliza yanamhusu nini, maana visiwa vyetu ni mawe ya matumbawe, mchanga na udongo wa tabaka, na graniti hatunayo hata ya kupigia picha. Lakini hewa ikiwa safi, ukisimama pwani ya magharibi ya Pemba, Usambara inaonekana ng'ambo. Miamba ile ni sehemu ya Mkanda wa Msumbiji, jina lililotolewa na mwanajiolojia Arthur Holmes. Ni mizizi ya milima iliyopikwa na kukandwa chini sana ardhini, yapata miaka milioni 650 hadi 620 iliyopita, wakati mabara yalipogongana na kuunda Gondwana, bara kubwa la kale. Nani asingetaka kujua lini hasa?

Wanaoitegemea graniti wana hoja nzito. Zirkoni haisahau kirahisi, hata mwamba ukipashwa moto mara ya pili. Na mpaka wa graniti na mwamba jirani unaonekana kwa macho: ama mshipa umekunjwa pamoja na jirani yake, ama umeikata mikunjo ukapita. Hapo hakuna nadharia, ni kutazama tu.

Tatizo la kwanza ni upana wa kibano. Bara, ndani ya Mkanda huo upande wa Iringa, mna miamba iliyoanza ikiwa graniti ya kale sana, rika moja na matale ya kina Mwanza, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Kisha ikakandwa katika Gondwana. Zirkoni zake zinasema kweli kuhusu kuzaliwa kwake, ila mkunjo tunaoutafuta umekuja karibu miaka bilioni 2 baadaye. Kujua kwamba mkunjo ulikuja baada ya hapo ni kujua kidogo mno.

La pili ni ugumu wenyewe wa graniti. Donge kubwa lililopoa linaweza kubaki bila alama huku miamba laini pembeni ikisokotwa kama ukindu. Ukiliona halina mkunjo ukasema basi msukosuko ulikuwa umekwisha, umekosea.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi: graniti inayoitwa ya wakati uleule wa mkunjo. Hizo ndizo hupendwa, kwa sababu zinaahidi tarehe moja badala ya kibano. Lakini uji wa moto unapotiririka nao hupanga fuwele zake kwa mistari, na mistari hiyo hufanana sana na ile ya kuminywa baada ya kuganda. Mwaka 1988 wanajiolojia Scott Paterson na Othmar Tobisch walionya kwamba vigezo vingi vilivyozoeleka haviwezi kutenganisha graniti iliyokuja kabla, wakati au baada ya mkunjo. Isitoshe, donge moja hupoa haraka ukililinganisha na msukosuko unaoweza kudumu makumi ya mamilioni ya miaka. Hata kama lilikuwepo, liliona kipande kimoja tu.

Wapo wanaosema basi tuiache graniti, tupime madini yaliyoota ndani ya mwamba uliokunjwa, kama monaziti. Sikubali moja kwa moja. Madini hayo mara nyingi hutunza habari ya joto, na joto si mkunjo. Miamba ya aina ya Usambara ilipoa polepole mno, kwa hiyo madini tofauti ya jiwe moja hutoa umri tofauti, kila moja ikisema kweli yake.

Kwa hiyo nasimama na graniti, ila kwa kazi ya kubana, si ya kutaja siku. Mshipa mwembamba uliokunjwa na mwingine ulioukata mkunjo huohuo, vikiwa hatua chache kutoka kimoja hadi kingine, vina thamani kuliko donge kubwa lenye umri uliopimwa kwa usahihi wa kupendeza. Ndiyo maana nikisoma umri mpya wa graniti, kabla ya jedwali la zirkoni natafuta picha ya mpaka wake na mwamba jirani. Isipokuwepo, namba naipokea kuwa ni umri wa graniti, basi.