Kupanda makanisa Uingereza: jumuiya ndogo na parokia zinahitajiana

Katikati ya mwaka 2021, katika mkutano uliofanyika mtandaoni, Kanoni John McGinley wa Kanisa la Kianglikana la Uingereza aliutetea mpango ulioitwa Myriad: kuanzisha jumuiya mpya 10,000 zinazoongozwa na walei, yaani waumini wasio makasisi, ndani ya miaka kumi, na kwa njia hiyo kupata wafuasi wapya milioni moja wa Kristo. Alieleza kwamba kanisa la aina hiyo halibanwi na vitu vitatu: jengo, mshahara wa kasisi, na mafunzo marefu ya chuoni yenye gharama kubwa. Maneno hayo yaliwachoma makasisi wengi. Wapo waliokuwa wanahudumia parokia tano au sita za vijijini kwa wakati mmoja na kuzika wafu wa kila nyumba, wawe waumini au la, na sasa walisikia kwamba wao ndio kizuizi. McGinley aliomba radhi. Hata hivyo, Agosti mwaka huo Marcus Walker, kasisi wa St Bartholomew the Great jijini London, na wenzake walizindua vuguvugu la Save the Parish, la kuzitetea parokia.

Mabishano hayo hayajaisha, na nadhani sisi wasomaji wa Kiswahili tuna haki ya kuyapima. Kanisa linaloongozwa na mlei asiye na mshahara mnono wala jengo la mawe tunalijua kwa kuliishi.

Tuanze na wapandaji, yaani wanaoanzisha makanisa mapya, kwa sababu hoja yao ni nzito. Sensa ya 2021 ilionyesha kwamba waliojitaja kuwa Wakristo katika Uingereza na Wales walikuwa asilimia 46.2, kutoka 59.3 mwaka 2011. Kanisa la Kianglikana lina parokia zipatazo 12,500 na majengo karibu 16,000, mengi ya kale, ambayo hayatengenezwi kwa bati na misumari ya duka la jirani. Waumini thelathini, wengi wao wastaafu, wanatumia nguvu zao zote kuziba paa la karne ya kumi na nne, wakati nje kuna kizazi kizima ambacho wazazi wake nao hawakuwahi kuingia kanisani. Mahubiri ya kumwita mtu arudi nyumbani hayamhusu aliyelelewa nje ya nyumba hiyo. Ripoti ya Mission-shaped Church ya mwaka 2004, iliyoandaliwa chini ya uenyekiti wa Askofu Graham Cray, ilikiri jambo hilo: parokia peke yake haitoshi, na watu wengine inabidi wafuatwe waliko na kanisa lianzie hapo hapo. Rowan Williams, Askofu Mkuu wa Canterbury wakati huo, aliunga mkono, kwa sharti kwamba parokia za zamani na jumuiya mpya ziishi pamoja bila moja kuimeza nyingine.

Njia ya kwanza, iliyoenea kuliko zote, ni ndogo na ya kawaida sana. Mwaka huo huo wa 2004, huko Cowplain karibu na Portsmouth, Lucy Moore na wenzake wa kanisa la St Wilfrid's waliona kwamba watoto hawaji Jumapili. Wakaanza kuwakaribisha siku ya kazi baada ya shule, watoto pamoja na wazazi wao. Mezani kuna gundi, rangi, makasha ya katoni na unga wa kuchezea, na kila kazi ya mikono inafungamana na hadithi moja ya Biblia. Baadaye watu wote huingia kwenye ibada fupi ya nyimbo na sala, kisha hukaa kula chakula cha moto pamoja. Mama aliyetoka kazini anajua kwamba leo hapiki. Wakaiita Messy Church, na leo ipo katika nchi nyingi. Anayedhani huo ni mchezo tu afikirie ni lini mara ya mwisho familia zisizojuana katika mtaa wa Ulaya zilikaa meza moja na kuuliza Yesu ni nani.

Maswali nayo yapo. Kwa kawaida hukutana mara moja kwa mwezi. Meza ya Bwana itaandaliwa lini, na nani? Mtoto akifika miaka kumi na miwili na kuona gundi ni mambo ya wadogo, anakwenda wapi? Wengi hawaendi popote, kwa sababu ibada ya Jumapili bado ni ile ile ambayo familia yake haikuizoea.

Njia ya pili ni ya kanisa la Holy Trinity Brompton la London, ambayo tangu mwaka 1985 imekuwa ikituma mchungaji na kundi la waumini kwenda kulihuisha kanisa linalokufa. St Peter's ya Brighton ilikuwa imekwishapendekezwa kufungwa. Kundi lilipofika mwaka 2009, ikajaa tena. Hilo ni tendo jema, na sioni sababu ya kulinung'unikia. Lakini kundi la namna hiyo hustawi zaidi pale penye chuo kikuu na vijana wenye kazi, na sehemu ya waliojaza viti hivyo wametoka viti vya makanisa ya jirani.

Njia ya tatu ndiyo inayonigusa zaidi: familia moja au mbili zinahamia mtaa wa nyumba za serikali, zinaishi hapo, watoto wao wanasoma shule ya hapo, wanakula na majirani, wanasaidia kujaza fomu za msaada, na baada ya miaka kadhaa linatokea kundi la watu wanaosali pamoja. Shirika la kimisionari la Kianglikana la CMS, lililomtuma Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, leo lina makao yake Oxford na linawafundisha waanzilishi wa kazi kama hiyo katika mitaa ya Waingereza wenyewe.

Watetezi wa parokia, kwa upande wao, hawapingi uinjilisti. Jambo lao la kwanza ni kwamba parokia ni ya kila anayeishi ndani ya mipaka yake. Mlevi, profesa, bibi aliyebaki peke yake, Mwislamu wa duka la kona: wote kasisi anawajibika kwao, waje ibadani wasije. Jumuiya iliyojikusanya kwa kupendana au kwa kufanana umri haina wajibu huo kwa maandishi wala kwa mazoea. Jambo la pili ni fedha. Kanisa lilianzisha mfuko maalumu mwaka 2014 wa kugharimia miradi mikubwa ya ukuaji, na tathmini huru iliyoongozwa na Robert Chote mwaka 2022 ilikuta idadi ya waumini wapya waliothibitika iko mbali sana na malengo, ingawa miradi mingi ilikuwa bado inaendelea na korona ilikuwa imepita katikati yake. Mzee wa kanisa la kijijini aliyeambiwa hakuna fedha za kasisi ana haki ya kuuliza zilikokwenda.

La tatu ni la kutisha. Sheffield, katika kanisa la St Thomas Crookes, ilianzishwa mwaka 1986 ibada ya vijana yenye muziki wa klabu iliyoitwa Nine O'Clock Service. Ilivutia mamia, maaskofu wakaisifu, na kiongozi wake akaharakishiwa daraja la ukasisi. Mwaka 1995 ilivunjika baada ya wanawake kueleza jinsi alivyowatumia vibaya, na mwaka 2025 mahakama ilimtia hatiani kwa mashambulizi ya aibu dhidi yao. Parokia za kawaida nazo zimeficha maovu, tusidanganyane. Lakini jumuiya inayomzunguka mwanzilishi mmoja, inayosifiwa kwa sababu inakua, huwa haina mtu wa kumwambia mwanzilishi huyo basi.

Jambo la nne limesemwa vizuri na Mholanzi Stefan Paas, msomi ambaye mwenyewe amewahi kushiriki kupanda kanisa Amsterdam: ushahidi kwamba makanisa mapya huwavuta wasioamini kuliko makanisa ya zamani ni dhaifu kuliko mahubiri ya wapandaji. Thamani ya makanisa mapya, kwa maoni yake, iko zaidi katika kuwa mahali pa kujaribu njia mpya. Namwamini. Anayeahidi milioni moja anawatwika watu wa kawaida ahadi ambayo hawakuitoa wao.

Sasa tujitazame. Katika usharika wa Kilutheri wa Tanzania kuna mitaa kadhaa, na mtaa huongozwa na mwinjilisti. Hahitaji shahada. Anahubiri, anafundisha kipaimara, anatembelea wagonjwa, na mchungaji hufika kwa ajili ya sakramenti. Wakatoliki wana katekista, na tangu maaskofu wa AMECEA, shirikisho la maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walipoamua katika miaka ya 1970, wana jumuiya ndogo ndogo za Kikristo za nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo swali kwamba mlei anaweza kuongoza kanisa au hawezi, kwetu lilijibiwa zamani. Lakini tazama alichonacho mwinjilisti yule: wazee wa kanisa wanaokaa naye kikao, mchungaji juu yake, jimbo na dayosisi juu ya mchungaji, na sadaka ya Jumapili iliyopita inayosomwa mbele ya watu wote wakati wa matangazo. Mtaa ni mdogo lakini haukuachwa peke yake. Hapo ndipo ninapoachana na McGinley, kwa sababu jengo, mshahara na mafunzo vikiondolewa, gharama haipotei. Inahamia kwenye familia ya yule mlei. Utafiti wa Church Army, shirika la uinjilisti la Kianglikana, uliochapishwa mwaka 2016 kutoka dayosisi 21 ulihesabu jumuiya zaidi ya 1,100, na sehemu kubwa ya viongozi wake walikuwa walei wanaojitolea kwa muda wao wa ziada. Mume akipata kazi mji mwingine, jumuiya inakufa.

Tusijivune pia. Makanisa yetu yalikua pamoja na shule, hospitali, undugu wa kijiji na familia zenye watoto wengi, vitu ambavyo mpandaji wa Sheffield hana. Na jumuiya zetu zenyewe zina udhaifu unaojulikana: akina mama ndio wengi, vijana wachache, na wapo wanaohudhuria ili siku ya ndoa au msiba wasije wakaambiwa hawajulikani.

Wapandaji na watetezi wa parokia wote wanazungumza kana kwamba Ukristo wa Ulaya ni wao wawili tu. Kati ya 2005 na 2012, waliohudhuria makanisa ya London waliongezeka kutoka karibu 620,000 hadi zaidi ya 720,000, na sababu kubwa ilikuwa makanisa ya wahamiaji, hasa Waafrika. Wakongo na Warundi wanaosali kwa Kiswahili wamo katika miji mingi ya Ulaya, katika kumbi za shule na makanisa ya kukodi kuanzia saa nane mchana, wenyeji wakishaondoka. Wengi wa wachungaji wao hufanya kazi ghalani au kwenye nyumba za wazee siku za wiki. Wana kasoro yao pia: wanawafikia watu wa lugha yao, na watoto wao, ambao sasa wanaota ndoto kwa Kiingereza au Kiholanzi, wanakaa nyuma wakiangalia simu. Watoto hao ni majirani na wanafunzi wenzao wa watoto ambao wapandaji wanawatafuta. Dayosisi inayotenga fedha kwa ajili ya jumuiya mpya ingefaa imwite kwanza mchungaji wa saa nane mchana akae katika kikao cha kupanga, impe nafasi ya mafunzo na posho sawa na wengine, na iache kumhesabu kuwa mpangaji wa ukumbi.