Rangi ya Nganya Haitoshi

Jumapili moja mpwa wangu alikuja kwangu kutoka Umoja akiwa na simu mkononi, hata chai hakungoja. "Mjomba, gemu hii nimeitengeneza mwenyewe. Jaribu." Nikajaribu. Makanga wa matatu anakimbia kwenye barabara ya leni tatu, kanjo, yaani askari wa jiji, wako nyuma yake, anaruka vizuizi, anainama chini ya mabango, anaokota sarafu. Nganya alizozichora, yaani matatu zilizorembwa, zilikuwa nzuri ajabu: michoro ubavuni, taa za zambarau, muziki unadunda ipasavyo. Nilicheza dakika kumi, kisha nikamwambia ninachoamini hadi leo: hii ni Subway Surfers, ile gemu maarufu ya simu ya kukimbia na kuruka vizuizi, iliyovaa sare ya makanga.

Alikasirika. Alidhani namwita mwizi, na siku hiyo sikufanikiwa kumweleza vizuri, kwa hiyo naeleza hapa.

Kuazima hakunisumbui. Gemu zilianza kwa kuazimana. Mwaka 1972 Nolan Bushnell, mwanzilishi wa kampuni ya gemu ya Atari, aliiona Odyssey, mashine ya gemu ya kampuni ya Magnavox iliyotokana na kazi ya mhandisi Ralph Baer. Ndani yake mlikuwa na mchezo wa tenisi, nukta inayorushwa huku na huku kwenye kioo cha televisheni. Mwaka huohuo Atari ikatoa Pong. Magnavox ikaenda mahakamani, na mwaka 1976 Atari ikakubali kulipia leseni. Wanaokisimulia kisa hiki huishia kwenye kesi. Mimi navutwa na alichokifanya Allan Alcorn, fundi aliyeiunda Pong. Alikigawa kibao cha mchezaji vipande 8, mpira ukaondoka kwa pembe tofauti kulingana na mahali ulipogonga. Akaufanya uongeze kasi kadiri unavyozidi kurudishwa. Akaweka sauti, akaweka na alama kwenye kioo, vitu ambavyo Odyssey haikuwa navyo. Tenisi ni ileile, lakini sasa mkono una kitu cha kujifunza, na anayejua kuupiga mpira kwa ncha ya kibao anamshinda asiyejua.

Huko kwenye kanuni ndiko ninakotafuta upya wa gemu. Nataka kujua mchezaji analazimika kuamua nini ambacho kwingine hajawahi kuamua.

Sheria, kwa kweli, hutazama upande mwingine. Mwaka 2012 mahakama moja ya Marekani iliamua kesi ya wenye Tetris, gemu ya kupanga vipande vinavyoanguka, dhidi ya kampuni ya Xio. Jaji alikubali kwamba wazo na kanuni za mchezo hazilindwi na hakimiliki. Xio ilishindwa kwa sababu ilinakili sura, yaani maumbo ya vipande na mwonekano wa uwanja. Sheria hulinda rangi na kuiacha mifupa wazi kwa kila mtu. Nadhani ni sawa. Lakini matokeo yake ni kwamba mtu anaweza kubadilisha rangi, akawa salama mahakamani, na bado akawa hajabuni chochote.

Hapa Nairobi jambo hili linaniuma zaidi, kwa sababu tumezoea kuisifu rangi. Mhusika akivikwa shuka nyekundu, jengo la KICC likionekana kwa mbali, tunapiga makofi na kusema hii ni yetu. Hatuulizi kilichomo ndani.

Na kanuni zetu tunazo. Michezo ya kupanda kete kwenye mashimo ya ubao imeenea Afrika. Wakikuyu wana giuthi, Waluo wana ajua. Watu wa pwani hawakuibuni familia hiyo nzima, lakini tazama walichokifanya na bao. Mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji anaanza akiwa na kete 22 mkononi, anazinamua, yaani anaziingiza ubaoni moja moja, kabla hajaingia mtaji, awamu ya kucheza na kete zilizo ubaoni tu. Kisha kuna nyumba, shimo lenye masharti yake: utailinda hadi lini, na utaivunja lini? Mzee anaweza kukaa kimya muda mrefu akiitazama nyumba tu. Uzito wa uamuzi huo umetengenezwa na watu, juu ya ubao ambao jirani zao pia wanao.

Muziki wa benga nao hivyohivyo. Gitaa lilitoka nje, wala hakuna aliyelificha asili yake. Wanamuziki wa Kiluo walilidonoa jinsi nyatiti, ala yao ya nyuzi, inavyodonolewa, na sauti ikawa nyingine kabisa. Hawakuhitaji kulipaka gitaa rangi.

Basi nilipokutana na mpwa wangu tena, nilimuuliza maswali kuhusu kazi ya matatu, si kuhusu gemu. Gari linaondoka stejini lini? Likijaa. Nani anaamua kwamba limejaa? Hapo akacheka, akasema inategemea dere ana haraka kiasi gani. Mvua ikinyesha nauli inakuwaje? Inapanda, na abiria wanabishana, na wengine wanashuka. Mtu akitoa noti ya elfu asubuhi na mapema? Kanjo wakisimama mbele, unateremsha abiria hapohapo au unapita njia ya vichochoro? Kila jibu lake lilikuwa kanuni ya gemu, na hakuna hata moja aliyoitoa kwenye simu. Alizijua kwa kupanda matatu tangu akiwa shule ya msingi.

Aliniambia, "Mjomba, lakini hiyo ni kazi nyingi." Ni kweli. Kuchora nganya kulimchukua wiki mbili, na kupata mizani ya nauli ambayo haimchoshi mchezaji kunaweza kumla miezi.

Wiki iliyopita alinitumia toleo jingine. Michoro imepungua, nganya imekuwa kisanduku cha kijani tu chenye magurudumu. Inaanza na abiria kumi na nauli ya shilingi 50. Wingu linaingia. Nikapandisha hadi 100, wanne wakashuka. Nikarudisha 70, gari likajaa, lakini mafuta hayakunifikisha mjini. Nimeicheza mara sita na bado sijafika.