Siku Niliyofungiwa Chooni, Daftari Likiwa Nje

Nilipangiwa zamu ya kufundisha vijana Jumapili, somo: kuchagua marafiki. Wiki nzima nikajifungia na Biblia, na mtu akisoma Mithali siku tano mfululizo huanza kuona wapumbavu kila anapogeuka, isipokuwa kwenye kioo. Nilipofika 13:20, kwamba aendaye na wenye hekima atakuwa na hekima ila rafiki wa wapumbavu ataumia, nikashika kalamu.

Nikachora safu tatu katikati ya daftari la somo. Ya kwanza niliiita "Akina Yonadabu". Huyo ni yule rafiki wa Amnoni katika 2 Samweli 13, aliyesifiwa kuwa mwerevu sana, na werevu wake ukaishia kumtungia mwenzake hila iliyoleta msiba nyumbani kwa Daudi. Humo nikamtia rafiki yangu fundi wa kila kitu. Kosa lake? Siku moja nilimwona akifungua mlango wa gari kwa kipande cha waya kabla mwenye gari hajamaliza kueleza kwamba ufunguo umebaki ndani. Ile kasi haikunipendeza.

Safu ya pili: "Vijana wa Rehoboamu", wale aliokua nao mfalme, waliomshauri awaambie watu kwamba kidole chake kidogo ni kinene kuliko kiuno cha baba yake. Makabila kumi yakamwacha. Humo wakaingia wawili: mmoja kwa kutania kila kitu, mwingine kwa kucheka kila anachotania huyo wa kwanza.

Safu ya tatu, "Wenye hekima", ilikuwa na mtu mmoja tu, ndugu mmoja wa maombi asiyejua kusalimia bila aya.

Nikaacha kupokea simu za wale watatu. Moyoni nikajiona nimekomaa kiroho.

Jumapili, dakika kumi kabla ya somo, tumbo likanikamata. Nikaacha daftari kwenye benchi, mbio hadi choo cha nyuma ya kanisa. Haja ikaisha salama. Nilipozungusha kitasa nitoke, mkono wake ukanibaki kiganjani. Kile kipande cha chuma cha mraba kinachopita katikati kikachomoka, nikakisikia kikigonga sakafu upande wa pili na kubingirika. Mlangoni likabaki tundu dogo la mraba. Niliweka jicho pale, nikaona ukuta.

Simu ninayo. Nikampigia mwenye hekima. Alikuja upesi, nampa haki yake.

"Ndugu, umejichunguza?"

"Nimejichunguza. Kitasa ndicho kimevunjika."

"Hakuna linalotokea bure. Hata Yona alifungiwa."

"Yona alikuwa na siku tatu, mimi nina dakika saba. Tafuta bisibisi, tafadhali."

"Kabla ya bisibisi, je, hakuna jambo hujalitubu?"

Nikawakumbuka marafiki wa Ayubu. Watu huwasema vibaya, lakini walikaa naye chini siku saba, mchana na usiku, bila kumwambia neno. Kwa maoni yangu, huo ndio ushauri wao bora katika kitabu kizima. Mtu wangu hakungoja hata dakika moja. Akaanza kuomba, tena kwa sauti ile ya mkesha, na watu wakaanza kukusanyika.

"Nani yumo humo?"

"Mwalimu wa leo," akajibu mmoja. Kukawa kimya kidogo, kile kimya cha watu wanaojizuia.

Nikameza mate, nikamtumia ujumbe Yonadabu. Akajibu papo hapo: "Tuko watatu benchi la mbele, tumekuja kukusikiliza. Daftari lako liko hapa, nikuletee?"

Nikamwandikia: "Usilifungue!"

Msomaji wangu, kama una daftari usilotaka lifunguliwe, usimwandikie mtu neno hilo.

Jibu lilikawia. Kisha nikasikia kicheko kikija koridoni kwa mafungu mawili: kwanza cha mtani, halafu cha yule anayemchekea. Hatua zikasimama nje ya mlango wangu.

"Shalom, mwalimu," sauti ikapenya kwenye tundu. "Yonadabu amefika."

Sikuwa na la kusema. Niliketi juu ya kifuniko cha choo, mkono wa kitasa ungali kiganjani kama fimbo ya Haruni iliyokataa kuchipuka.

"Rehoboamu tumemwacha wapi?" mtani akauliza.

"Anavua kiatu tuone unene wa kidole," akajijibu mwenyewe. Mwenzake alicheka mpaka nikamsikia akiegemea ukuta.

Bisibisi ikaingia kwenye tundu, ikazunguka robo, mlango ukafunguka. Naapa, hazikufika sekunde tano. Ndugu wa maombi alikuwa ndipo anafika kwenye "amina". Akafumbua macho, akaniona nimesimama mbele yake.

"Umeona?" akasema. "Maombi."

Hakuna aliyembishia. Yonadabu alifuta bisibisi kwenye suruali, akanikabidhi daftari limefungwa vizuri, kwa mikono miwili kama mtu anayetoa sadaka.

Nikapanda mbele. Mkono ukinitetemeka, nikafungua ukurasa wa somo. Kwenye safu ya kwanza mtu alikuwa ameongeza kwa penseli: "Yupo. Ana bisibisi." Kando ya neno "ataumia": "Umeumia wapi? Tuna plasta." Na pembeni kabisa, kwa rula, walichora safu ya nne yenye kichwa "Wasiopokea simu mpaka wafungiwe chooni". Ilikuwa na jina moja, na lilikuwa langu.

Nikainua macho. Mtani alikuwa ameng'ata mdomo, anatazama dari.

"Bwana asifiwe," nikasema, na sauti ikakatika katikati. Yule wa pili akaangua kicheko kabla hata hajataniwa.