Mapatano ya fidia ya mtoto na idhini ya mahakama

Tuchukue mfano wa mtoto wa darasa la tatu aliyegongwa na matatu pale Gede, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Malindi, akavunjika mguu. Kesi imefunguliwa, kampuni ya bima imetaja kiasi, na mzazi amekubali. Angekuwa ni mtu mzima, mambo yangekwisha hapo. Kwa mtoto, Agizo la 32 la Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za Kenya za mwaka 2010, katika kanuni ya 7, linamkataza anayeendesha kesi kwa niaba yake kufikia mapatano yoyote kuhusu kesi hiyo bila idhini ya mahakama iliyoandikwa waziwazi katika kumbukumbu. Kanuni ya 15 inawapa ulinzi uo huo watu wazima ambao hali ya akili inawazuia kusimamia mambo yao.

Wapo wanaoona kwamba huku ni kumvunjia mzazi heshima, na hoja yao si nyepesi. Mama aliyemuuguza mwanawe ndiye ayajuaye mahitaji yake. Kila tarehe ya mahakama ni nauli na kibarua kilichopotea, na fedha zinazongoja idhini hazinunui dawa.

Lakini mama huyo huyo ana deni la hospitali. Anampenda mwanawe, ila shida ya leo humlemea kuliko mguu ambao huenda ukabaki mfupi mtoto akifika miaka 15. Wakili naye hungoja ada yake, na bima hutaka kumaliza kwa bei ndogo. Wote wana haraka isipokuwa aliyeumia, naye haulizwi. Kwa hiyo anahitajika hakimu atakayeisoma ripoti ya daktari, aulize iwapo matibabu yamekwisha, na aulize fedha zitawekwa wapi hadi mtoto atimize miaka 18. Hakimu anayetia sahihi bila maswali hayo hamlindi mtu. Bima yenyewe hufaidika na idhini hiyo, kwa kuwa bila hiyo mtoto anaweza kuyatangua mapatano ilhali kampuni ya bima imefungwa nayo.

Kwa watu wazima wenye maradhi ya akili, wapinzani wa kanuni hii wamenishawishi zaidi. Kenya iliridhia mwaka 2008 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinawatambua kuwa na uwezo wa kisheria sawa na wengine. Mtu kama huyo aitwe, aelezwe kwa lugha aijuayo, iwe Kigiriama au Kiswahili, na asikizwe kabla ya wengine kusemea fedha zake.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni kwamba kanuni ya 7, kwa maneno yake, inahusu mapatano ya kesi iliyokwisha kufunguliwa. Karatasi inayoletwa kando ya kitanda cha hospitali, kabla ya wakili yeyote kufika, haitajwi humo, na hapo ndipo mzazi anapokuwa peke yake kabisa. Karatasi hiyo nayo ipelekwe mbele ya hakimu kabla mtu hajatia kidole gumba.