Acheni Kung'arisha Vifaa vya Kale vya Tiba

Katika minada ya vifaa vya kale vya tiba na sayansi, kinachogombewa huwa ni kasha la mpasuaji la karne ya 19: ndani mahameli nyekundu, kila kisu mahali pake, na msumeno wa kukatia mifupa unaong'aa kana kwamba umetoka kiwandani jana. Watu hulipandishia bei bila kujiuliza: kama msumeno huu ulifanya kazi, mbona hauna hata mkwaruzo?

Mara nyingi haukufanya. Vifaa vya kila siku vilinolewa hadi vikaisha, vikavunjika, vikatupwa. Vilivyosalimika zaidi ni vile vya zawadi na vya kuwekwa kabatini. Anayekusanya vilivyo kamili tu anajaza nyumba yake ushahidi wa kazi ambayo haikufanyika. Mimi niko upande wa vilivyochakaa.

Tazama mipini peke yake. Zamani mpini wa kisu cha upasuaji ulikuwa wa mpingo, mfupa au pembe ya ndovu, umechongwa mistari iliyokingamana ili usiteleze mkono ukilowa damu. Mwaka 1867 Joseph Lister, mpasuaji Mwingereza, alichapisha mbinu yake ya kuua vijidudu kwa asidi ya kaboliki, na katika miongo iliyofuata hospitali zikaanza kuchemsha vifaa na kuvipitisha kwenye mvuke. Mti haustahimili hayo, hupasuka. Ndiyo maana kufikia mwisho wa karne mpini na makali vilikuwa chuma kitupu. Kwa hiyo kisu chenye mpini wa mpingo uliopata ufa huenda kilichemshwa na daktari aliyepokea kanuni mpya akiwa bado na vifaa vya zamani. (Au kilikaushwa tu na hewa ya darini, nakubali.) Muuzaji huuita ufa huo kasoro. Mimi ndio ninaoulipia.

Hadubini na darubini za shaba ya njano ndizo zinazoonewa zaidi. Nyingi zilipakwa vanishi ya rangi ya dhahabu kuikinga shaba. Dawa ya kung'arishia huila vanishi hiyo, kisha jina la fundi, kisha namba ya kifaa iliyochongwa juu yake. Katika hadubini za Carl Zeiss, mtengenezaji wa Jena, Ujerumani, namba ndiyo inayosaidia kukadiria mwaka. Ikifutika, umebaki na pambo. Tena pambo linalofanana kabisa na nakala za kisasa zinazouzwa kwa watalii.

Najua nitaambiwa uchakavu nao hughushiwa. Kweli, na ulaghai hauishii hapo: mirija ya mbao ya wakunga ya kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, ya aina aliyoibuni daktari Mfaransa Adolphe Pinard mwaka 1895, huuzwa kama stetoskopu (vifaa vya kusikilizia kifua) za enzi za daktari Mfaransa René Laennec, aliyebuni ya kwanza mwaka 1816. Lakini mghushi hukwaruza kila mahali kwa usawa. Mkono wa mtumiaji hula sehemu chache tu: pale kidole gumba kinapokaa, kwenye skurubu ya kurekebishia lenzi, kwenye ukingo unaogusa sikio.

Zebaki tu ndiyo siihurumii. Barometa au kipimo cha shinikizo la damu kinachovuja hakina heshima ya uzee. Mvuke wake ni sumu, na hapo aitwe mtaalamu kabla hakijawekwa rafuni.