Kabla ya kumkataa kocha, ulizeni benchi lake la ufundi

Ameshinda 23, amepoteza 15. Tangu Auburn, chuo kikuu cha jimbo la Alabama, Marekani, imtangaze Alex Golesh kuwa kocha mkuu wa futiboli ya Kimarekani tarehe 30 Novemba 2025, mashabiki wameshika namba hizo mbili na hawataki kusikia lingine. Eti mtu mwenye rekodi hiyo akiwa chuo cha South Florida atafanya nini SEC, ligi ya vyuo anamocheza Auburn? Wapo waliomtaka Jon Sumrall wa Tulane, ambaye Florida walimuwahi siku hiyohiyo. Wapo waliokuwa bado wanamwota Lane Kiffin, naye siku hiyohiyo alikuwa njiani kwenda LSU. Golesh akabaki kuonekana kama mabaki ya sokoni.

Nakubali shabiki ana haki ya kuuliza. Anayekesha usiku wa kuamkia Jumapili kuangalia timu ikifungwa 10-3 nyumbani na Kentucky, mechi iliyomwotesha nyasi kibarua Hugh Freeze, kocha aliyemtangulia Golesh, ana haki zote. Kinachoniudhi ni kwamba swali linaloulizwa ni lilelile la mwaka 2008, na chuo ni kilekile, na jibu lilishatolewa uwanjani mbele ya kila mtu.

Kwanza tuiweke rekodi mahali pake. South Florida ilikuwa imeshinda mechi 4 tu katika misimu mitatu kabla ya Golesh kufika. Akaenda 7-6 (ushindi 7, vipigo 6), tena 7-6, halafu 9-3. Agosti 2025 aliichapa Boise State 34-7, wiki iliyofuata akaingia Gainesville na kutoka na ushindi wa 18-16 dhidi ya Florida. Si rekodi ya kuaibisha. Lakini hata ingekuwa nzuri mara mbili nisingeitegemea, kwa sababu katika futiboli ya vyuo rekodi huandikwa jina la kocha mkuu na kazi hufanywa na benchi zima la ufundi.

Turudi kwa Gene Chizik. Desemba 2008 Auburn iliachana na Tommy Tuberville baada ya msimu wa 5-7, mtu aliyekuwa amewafunga mahasimu wao, chuo cha Alabama, miaka sita mfululizo. Akaletwa Chizik kutoka Iowa State: ameshinda 5, amepoteza 19. Mkurugenzi wa michezo, Jay Jacobs, alizomewa na shabiki uwanja wa ndege mbele ya kamera. Charles Barkley, aliyesoma na kucheza hapo, alisema hadharani kwamba kazi ile ilistahili kwenda kwa Turner Gill wa Buffalo, na kwamba rangi ya ngozi ndiyo iliyomnyima. Swali la Barkley lilikuwa zito na la haki, na hakuna kombe lililolijibu. Lakini kelele nyingi hazikuwa hizo. Zilikuwa 5-19, 5-19, asubuhi hadi jioni.

Ambacho wengi hawakukitazama ni historia ya Chizik kabla ya Iowa State. Mwaka 2004 alikuwa mratibu wa ulinzi, yaani msaidizi anayeongoza safu hiyo, hapohapo Auburn, timu ikamaliza 13-0. Mwaka 2005 alikuwa Texas, kwenye ulinzi vilevile, 13-0 na ubingwa wa taifa. Auburn ilikuwa imemchukua mtu wa ulinzi anayejua kushinda. Swali halisi lilikuwa nani atashika mashambulizi.

Jibu lilikuwa Gus Malzahn kutoka Tulsa, na hapo ndipo kila kitu kilipobadilika. Mfumo wake uliwatandaza wachezaji upana wote wa uwanja na kuuharakisha mchezo: hakuna kukusanyika kati ya mchezo mmoja na mwingine, ishara zinatoka kando ya uwanja, mpira unaanzishwa kabla ulinzi haujabadilisha wachezaji. Mfumo huo unamhitaji kwotabeki, yule anayeongoza mashambulizi uwanjani, anayeweza kukimbia kama mbeba mpira, kwa sababu anapokimbia yeye, ulinzi unakosa mtu mmoja wa kuhesabu. Mwaka 2010 akaja Cam Newton kutoka Blinn College, Texas. Auburn ikamaliza 14-0 na kuifunga Oregon 22-19 tarehe 10 Januari 2011. Waliozomea uteuzi ule wakashangilia ubingwa.

Sasa angalieni kilichofuata. Desemba 2010 Vanderbilt walimtaka Malzahn awe kocha mkuu. Auburn ikampandishia mshahara hadi dola milioni 1.3 kwa mwaka, akabaki. Mwaka mmoja baadaye akaondoka kwenda Arkansas State kwa dola 850,000. Alikubali kupungukiwa fedha ili awe mwenye timu. Hakuna nyongeza inayomzuia mratibu aliyekwisha kuamua hivyo, na mkurugenzi wa michezo asiyelijua hilo hajui kazi yake. Mratibu wa ulinzi, Ted Roof, naye aliondoka mwezi huohuo.

Chizik akamleta Scot Loeffler na kubadilisha mfumo mzima. Kwotabeki kijana Kiehl Frazier alikuwa amesajiliwa kwa ajili ya mfumo wa Malzahn, wa kutazama ishara, kuanzisha haraka na kukimbia. Ghafla akatakiwa kuingia kwenye mkusanyiko, kutamka majina marefu ya michezo, kusoma ulinzi mwenyewe, kurudi nyuma na kutafuta mpokeaji wa tatu. Wanaume wa mstari wa mbele waliochaguliwa kwa wepesi wakatakiwa kusukuma kwa nguvu. Haukuwa uvivu wala ukosefu wa vipaji. Ni watu waliosajiliwa kwa kazi moja wakapewa nyingine. Matokeo ya 2012: 3-9, bila ushindi hata mmoja ndani ya SEC, na mechi ya mwisho Alabama 49, Auburn 0. Chizik akafungashiwa virago siku iliyofuata.

Kama mtu bado ana shaka, 2013 inaiondoa. Auburn ikamrudisha Malzahn, safari hii akiwa kocha mkuu. Sehemu kubwa ya kikosi ilikuwa ileile ya 3-9, ikaongezwa Nick Marshall kwenye nafasi ya kwotabeki. Wakamaliza 12-2, wakaifunga Alabama kwa mkimbio wa yadi 109 wa Chris Davis, wakakosa ubingwa kwa pointi tatu, 34-31 mbele ya Florida State. Vijana walewale walikuwa wamepata watu wanaojua kuwatumia.

Kwa hiyo 5-19 haikutabiri 14-0, na 14-0 haikutabiri 3-9. Ukitaka kutabiri, tazama nani anaita michezo, yaani anayechagua mbinu ya kila shambulizi, na nani atachukua nafasi yake akiondoka.

Kwa Golesh maswali yako wazi, na yanajibika. Je, ataita michezo mwenyewe au atamwachia mratibu? Kocha anayeita michezo mwenyewe hulinda mfumo wake, maana hakuna chuo kinachoweza kumnyang'anya mratibu akabaki bila mbinu. Lakini siku ya mechi jicho lake halipo kwenye ulinzi, saa wala matumizi ya mapumziko, kwa hiyo lazima awe na mtu wa kumfanyia hayo, na mtu huyo awe na mamlaka ya kweli. D.J. Durkin, aliyeshikilia timu baada ya Freeze kuondoka, amebakishwa kwenye ulinzi. Mimi naona ni uamuzi mzuri, kwa sababu wachezaji wa ulinzi hawaanzi upya kujifunza lugha ya uwanjani. Byrum Brown, kwotabeki aliyepitisha zaidi ya yadi 3,000 na kukimbia zaidi ya 1,000 South Florida msimu wa 2025, amemfuata. Hilo lina uzito kuliko 23-15 yote, kwa sababu mtu mmoja uwanjani tayari anaujua mfumo kwa kichwa na atawafundisha wenzake chumba cha mikutano makocha wasipokuwepo.

Halafu kuna kalenda, ambayo washabiki wengi hawaihesabu. Golesh aliteuliwa tarehe 30 Novemba. Dirisha la awali la kusaini wanafunzi wa sekondari lilifunguliwa tarehe 3 Desemba. Siku tatu! Ndani ya siku hizo kocha anapiga simu kwa vijana asiowajua, waliosajiliwa na mtu aliyefukuzwa, huku akitafuta wasaidizi na kuwashawishi wachezaji waliopo wasihame. Dirisha la wachezaji kuhama vyuo likafuata, tarehe 2 hadi 16 Januari. Ukimpima kocha mpya kwa orodha ya waliosaini Desemba, unapima kazi ya mtangulizi wake. Pima dirisha la Januari, na usihesabu majina tu. Angalia kama amejaza mstari wa mbele kwanza, maana kwotabeki hodari nyuma ya mstari mbovu atamaliza Oktoba akiwa majeruhi.

Na fedha. Msimu wa 2025-26 chuo kiliruhusiwa kugawa hadi dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wa michezo yote, na kikosi cha futiboli kilikuwa na kikomo cha watu 105. Muulize mkurugenzi futiboli inapata kiasi gani katika hizo, na benchi la ufundi limetengewa shilingi ngapi mbali na mshahara wa kocha mkuu. Tangu 2024 idadi ya wanaoruhusiwa kufundisha uwanjani haina kikomo, ingawa wanaotoka nje kusajili bado ni kocha mkuu na wasaidizi 10. Chuo chenye bajeti nene ya wasaidizi kinakushinda Jumanne mazoezini kabla hamjakutana Jumamosi.

Kuna mtu mmoja ambaye sijaona shabiki akimuuliza: mkufunzi wa nguvu. Nje ya msimu kanuni zinabana saa za wachezaji na makocha wao, na mazoezi ya machipuko ni 15 tu ndani ya siku 34. Katika miezi mingine, anayewaona vijana kila alfajiri kwenye chumba cha vyuma ni yeye. Misuli ya paja inayochanika Septemba mara nyingi ina historia ya Februari.

Najua nitajibiwa kwa jina la Scott Frost, na jibu hilo linauma. Mcheza kwao hutunzwa, na Nebraska walimtunza: kwotabeki wa ubingwa wao wa 1997, ameteuliwa Desemba 2017 katika msimu ambao chuo alichokuwa akikifundisha, UCF, kilimaliza 13-0, akaja na karibu benchi lake lote. Hakuna aliyehoji uteuzi ule. Akashinda 16, akapoteza 31. Kwa hiyo ni kweli, kubeba benchi zima hakutoshi. Lakini tazameni benchi lenyewe lilikuwa na tundu wapi. Mwaka 2020 vikosi maalumu, vile vya mipira inayopigwa kwa mguu, vilikabidhiwa mchambuzi ambaye kwa kanuni za wakati ule hakuruhusiwa kufundisha uwanjani. Mwaka 2021 walipoteza mechi tisa, zote kwa tofauti ya pointi tisa au chini. Dhidi ya Michigan State mpigaji aliupeleka mpira upande mmoja wenzake wakakimbilia upande mwingine, mpokeaji akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja bila kuguswa. Mechi za pointi chache huamuliwa na vikosi hivyo, na swali la nani anavisimamia lilipaswa kuulizwa siku ya kwanza, wakati kila mtu alikuwa akishangilia.

Mikataba nitaigusa kidogo tu, ingawa inanichoma. Jimbo Fisher alipofukuzwa Texas A&M Novemba 2023 alidai dola milioni 19.2 ndani ya siku 60, kisha milioni 7.2 kila mwaka hadi 2031, hata akipata kazi kwingine. Penn State ilikuwa inadaiwa karibu milioni 49 na James Franklin. Alipochukuliwa na Virginia Tech deni likashuka hadi milioni 9, kwa sababu mkataba ulikuwa na kipengele cha kukata kile atakacholipwa kazi mpya. Tofauti ya aya moja kwenye karatasi. Auburn, kuanzia Tuberville hadi Freeze, imeahidi makocha iliowaondoa zaidi ya dola milioni 60, na Malzahn peke yake ni milioni 21.45, nusu yake ikilipwa ndani ya siku 30.

Na wanaofikiri maandamano ndiyo dawa wakumbuke Tennessee 2017. Mashabiki waliuvunja uteuzi wa Greg Schiano siku ileile, na walikuwa na sababu zao. Chuo kikaishia kwa Jeremy Pruitt, ushindi 16, vipigo 19, na mwaka 2023 NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, ikakitoza zaidi ya dola milioni 8 na kufuta ushindi 11.

Indiana ilipomchukua Curt Cignetti Novemba 2023, alikuwa na miaka 62 na alikuwa akitoka James Madison. Timu ilikuwa imetoka kumaliza 3-9. Akaja na wachezaji 13 wa James Madison na waratibu wake wawili, Bryant Haines na Mike Shanahan. Msimu wa kwanza 11-2. Wa pili 16-0 na ubingwa wa taifa, waratibu wakiwa walewale.

Malzahn aliondoka baada ya msimu wake wa tatu na Chizik hakuwa na mtu wa kuuendeleza mfumo. Msimu wa tatu wa Golesh ni 2028. Mkimwona kwenye mkutano wa machipuko, mwacheni na 23-15 yake. Mwombeni awatajie kijana anayemwandaa leo kukaa kwenye kiti cha mratibu siku mwenye kiti atakapopigiwa simu.